Amrish Puri alikuwa fundi kweli, au alikuta kiti cha adui kiko wazi?

#1 Msomaji wa Pangani

Habari za jioni, wakuu. Kila tunapozungumzia maadui wa filamu za Kihindi, jina la Amrish Puri hutajwa la kwanza kana kwamba halina mpinzani, na mtu akithubutu kuhoji huonekana hajui anachokisema. Mimi nahoji. Nadai kwamba ukuu wake ulitokana zaidi na wakati kuliko kipaji.

Alizaliwa Nawanshahr, Punjab, tarehe 22 Juni 1932. Alianza kuonekana kwenye filamu akiwa anakaribia miaka 40, na hadi Hum Paanch ilipotoka mwaka 1980 mtazamaji wa kawaida alikuwa hamjui kama adui wa kutisha. Ikiwa kipaji ndicho kilichombeba, kilikuwa kimejificha wapi miaka yote hiyo? Tazameni hali ilivyokuwa. Pran, aliyewatia watu hofu kwa miaka mingi, alikwisha kugeukia wahusika wema tangu filamu ya Upkar ya 1967. Amjad Khan, yule jambazi Gabbar Singh wa filamu ya Sholay, alipata ajali mbaya ya gari mwaka 1976, mwili ukanenepa na wepesi wake ukapungua. Madan Puri alikuwa ameshazeeka. Kiti kilikuwa wazi, na aliyesimama karibu nacho akakikalia. Naomba nipingwe kwa hoja.

#2 Fundi Redio

Nakupinga bila kuzunguka. Sababu ni sauti, na mengine yote ni mapambo. Kazi yangu ni kutengeneza redio na spika, kwa hiyo filamu nimezoea kuzisikiliza kuliko kuzitazama, huku mkono ukiwa kwenye kazi ya mteja. Sauti ya Amrish Puri ilitoka chini kabisa ya kifua, na hakuhitaji kuipandisha ili itishe. Katika Mr. India ya 1987, akiwa adui Mogambo, ameketi kwenye kiti chake cha enzi, vidole vinagonga taratibu juu ya tufe lililo mkononi mwa kiti, kisha anatamka maneno matatu tu ya kuwajulisha wafuasi wake kwamba Mogambo amefurahi. Hakuna ngumi wala bunduki, na watu wanatetemeka. Mpe mtu mwingine maneno hayohayo matatu uone kama yatabaki midomoni mwa watu kwa miaka zaidi ya 30.

#3 Kijana wa Likoni

Fundi amesema kweli, nami naongeza kwamba kipaji hicho kilikuwa cha ukoo. Kaka yake, Om Puri, naye alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza, na ukifumba macho unaweza kuwachanganya. Halafu mwanzisha uzi aeleze hilo la mwaka 1980 amelitoa wapi, maana filamu yake ya kwanza ilikuwa hiyohiyo Mr. India.

#4 Bi Mkubwa wa Vuga

Mwanangu wa Likoni, taratibu. Om Puri si kaka yake wala binamu yake. Huyo alizaliwa Ambala mwaka 1950, na Puri ni jina la ukoo lililoenea Punjab, kwa hiyo kulichangia hakuwafanyi watu kuwa ndugu. Kaka zake Amrish walikuwa Chaman Puri na Madan Puri, nao wote wawili walikuwa waigizaji. Madan ndiye Samant katika Deewaar ya 1975. K. L. Saigal, mwimbaji mkubwa wa zama za kabla ya uhuru wa India, alikuwa binamu yao.

Ama hilo la Mr. India, wakati ilipotoka Amrish Puri alikuwa na miaka 54 na alikwisha kuonekana katika Vidhaata, Shakti, Hero, Meri Jung na Nagina. Alianza kwa sehemu ndogo katika Prem Pujari ya mwaka 1970. Wengi humchanganya na Om Puri kwa sababu waliigiza pamoja Ardh Satya mwaka 1983, mmoja akiwa baba na mwingine mwana.

#5 Kijana wa Likoni

Shikamoo Bi Mkubwa. Basi kama ni baba na mwana katika Ardh Satya, mimi sijapotea mbali sana, nimekosea kizazi tu.

#6 Mwalimu wa Jukwaa

Naomba kumjibu mwanzisha uzi alipouliza kipaji kilikuwa wapi. Kilikuwa jukwaani. Amrish Puri alikwenda Bombay akiwa kijana, akawafuata kaka zake waliokwisha kuingia kwenye filamu, akafanyiwa majaribio ya kamera katikati ya miaka ya 1950 na akakataliwa. Akatafuta kazi ya mshahara, akaajiriwa katika shirika la serikali la bima ya wafanyakazi, akakaa humo kwa takriban miaka 20. Mchana alikuwa karani, jioni alikuwa kwenye mazoezi ya tamthilia. Aliigiza kazi za waandishi kama Girish Karnad na Vijay Tendulkar chini ya mwongozaji Satyadev Dubey, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka 4, lakini alimkubali kuwa mwalimu wake na kumtii. Mwaka 1979 akapewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi kwa kazi ya jukwaani, yaani heshima ya juu ya taifa katika sanaa hiyo, kabla Hum Paanch haijatoka.

Kwa hiyo Fundi naye asiiseme sauti kana kwamba aliiokota njiani. Wapo watu wengi wenye sauti nzito wanaouza samaki feri. Ile ilikuwa sauti iliyofundishwa pa kuvuta pumzi, pa kunyamaza, na jinsi ya kumfikia mtu aliyekaa kiti cha nyuma kabisa bila kupiga kelele.

#7 Msomaji wa Pangani

Ahsante Mwalimu, ingawa naona umenisaidia mimi kuliko ulivyonipinga. Kama ufundi ulikuwa umeiva tangu miaka ya 1960, ni kwa nini watayarishaji wa filamu za biashara hawakumfuata hadi 1980? Walimwona, kwa maana kaka zake walikuwa humohumo. Hawakumhitaji kwa sababu kiti kilikuwa na mtu.

#8 Chuma cha Reli

Nimefuatilia kwa makini na naona mmesahau upande wa pili wa ulingo, yaani stelingi. Adui hupimwa kwa mtu anayepambana naye. Katika miaka ya 1970 stelingi alikuwa Amitabh Bachchan, mtu mzima mwenye hasira, ambaye maadui zake walikuwa wafanyabiashara wa magendo wa rika lolote. Miaka ya 1980 ikaingiza vijana wapya: Jackie Shroff katika Hero mwaka 1983, Anil Kapoor katika Meri Jung mwaka 1985, Sunny Deol katika Ghayal mwaka 1990. Vijana hawa ukiwapa adui wa rika lao unapata ugomvi wa mtaani. Walihitaji mtu mwenye umri wa baba zao, mwenye mali, mwenye amri, anayeweza kuinunua polisi na mahakama. Katika Ghayal, Amrish Puri alimzidi Sunny Deol kwa miaka 24.

Kwa hiyo kuchelewa ambako mwanzisha uzi anakuona kama udhaifu, mimi nakuona kuwa ndiko kulikompa kazi. Angeanza akiwa na miaka 25 angekuwa mmoja wa vibaraka wanaopigwa katika dakika ya kumi.

#9 Mama Wawili

Chuma cha Reli amegusa jambo ambalo nimekuwa nikilifikiri, nami nalisogeza mbele. Amrish Puri alicheza mhusika mmoja maisha yake yote: mzee ambaye neno lake halirudi. Akiwa na pango na wafuasi wenye bunduki tunamwita adui, akiwa na duka na mabinti wawili tunamwita baba. Baldev Singh wa Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, yule anayewalisha njiwa London huku moyo wake uko Punjab, si mtu mwovu hata kidogo, na bado nyumba nzima inazima muziki akiingia mlangoni.

Marehemu mama yangu hakuamini. Tulikuwa tukiitazama nyumbani Tanga, yeye anamenya vitunguu, na kila Baldev Singh alipotokea kisu kilisimama. Hadi filamu inakwisha alikuwa akisubiri aone ni lini atamwua yule kijana. Pale kwenye stesheni ya gari moshi, mzee alipoufungua mkono na kumwachia binti akimbilie behewa, mama alisema huo ni ujanja, lazima kuna bomu ndani ya treni.

#10 Kijana wa Likoni

Mama yako alikuwa na haki ya kushuku, Mama Wawili. Mwaka huohuo wa 1995 huyohuyo mzee ndiye Durjan Singh wa Karan Arjun, aliyewaua wale ndugu wawili mbele ya mama yao. Na mmoja wa ndugu hao ni Shah Rukh Khan, ambaye kwa Baldev Singh sasa anaomba kuozwa binti wa muuaji wake. Mimi pia ningeomba treni ikaguliwe.

#11 Mkaazi wa Maskati

Salamu kutoka Oman. Hoja ya sauti inanipa taabu. Sisi watoto wa Kiswahili tuliokulia hapa tulizitazama filamu hizi kwa kanda za video, na wengi wetu hatukujua Kihindi wala hatukuwa tumefikia kusoma tafsiri ya Kiarabu iliyopita chini kwa haraka. Tulichokuwa nacho ni uso. Katika Nagina ya 1986 yeye ni Bhairon Nath, mganga wa nyoka mwenye joho la rangi ya zafarani, na pale anapomkazia macho Sridevi, ambaye ni nyoka aliyevaa umbo la mke, dada yangu mdogo alikuwa akiingia chini ya meza. Hakuna aliyemtafsiria neno lolote.

Mkumbuke pia kichwa. Alikinyoa kwa ajili ya filamu ya Marekani ya Indiana Jones iliyotoka mwaka 1984, alimocheza kuhani mkuu Mola Ram, na baada ya hapo hakurudi nyuma. Mwenye kipara anaweza kuvishwa kichwa chochote, na wapambaji walimpa nywele za kila namna, kutoka zile za Mogambo hadi mvi za heshima za Baldev Singh. Nje ya kazi alivaa kofia, nazo alizipenda sana.

#12 Kijana wa Likoni

Kwa kuwa imetajwa, nina swali. Filamu ile ya Mola Ram inawaonyesha Wahindi wakila ubongo wa nyani mezani na kumtoa mtu moyo akiwa hai. Serikali ya India ilikataa isipigwe nchini mwake, wakaenda kupigia Sri Lanka. Je, mzee hakuona kwamba anashiriki kuwadhalilisha watu wake kwa ajili ya fedha za wageni?

#13 Mwalimu wa Jukwaa

Swali hilo aliulizwa hata alipokuwa hai, na filamu yenyewe ilizuiwa kwa muda kuonyeshwa India. Katika kitabu cha maisha yake, The Act of Life, kilichotoka mwaka 2006 baada ya kifo chake, aliitetea kazi ile kwa kusema ilikuwa hadithi ya kubuni na kwamba waliomlaumu walikuwa wanaichukulia kwa uzito usiostahili. Mimi sijaridhika sana na utetezi huo, kwa maana mtoto wa Ulaya aliyeiona hakuambiwa kipi ni cha kubuni na kipi si cha kubuni. Hata hivyo, miaka miwili kabla yake alikuwa katika Gandhi, filamu nyingine ya wageni, akiigiza mfanyabiashara Khan, Mhindi wa Afrika Kusini anayesimama na Gandhi katika mapambano yake ya mwanzo. Mtu huyohuyo, waongozaji wa kigeni wawili, picha mbili za India zisizofanana. Mwigizaji wa nafasi za pembeni huchagua kutokana na kinacholetwa mlangoni kwake.

#14 Bi Mkubwa wa Vuga

Turudi kwenye hoja kabla hatujafika Hollywood. Ndugu yetu wa Maskati anasema uso na mavazi, lakini ningependa atazame kazi zake kwa mwongozaji Shyam Benegal kabla ya umaarufu: Nishant ya 1975, Manthan ya 1976 na Bhumika ya 1977. Katika Manthan yeye ni Mishra, mwenye kiwanda cha maziwa anayewanyonya wafugaji kwa bei ndogo. Hapigi mtu. Anazungumza kwa upole, kama mtu anayewahurumia. Katika Bhumika ni tajiri Vinayak Kale, anayemchukua mwigizaji Usha na kumweka nyumbani kwake shamba. Nyumba ni safi, chakula kipo, heshima ipo, hadi siku Usha anapotaka kutoka nje kidogo tu na kugundua kwamba hakuna ruhusa, wala haitakuwapo. Bwana yule hakukunja hata uso. Mimi nilimwogopa pale kuliko Mogambo na shimo lake la tindikali, kwa sababu Mogambo sijapata kukutana naye, lakini akina Kale ninawajua kwa majina.

Kwa hiyo Msomaji wa Pangani anaposema hadi mwaka 1980 hakuwa adui wa kutisha, ni kwamba filamu hizo hazikufika kwetu. Pale sinema ya Cine Afrique, Zanzibar, tuliletewa za nyimbo na ngumi.

#15 Mzee wa Sinema ya Magari

Vijana, mimi nimekaa kimya hadi sasa. Nilikuwa nikienda sinema ya magari pale Dar es Salaam, mahali ulipo Ubalozi wa Marekani leo, na sisi tusio na gari tulikuwa na njia zetu za kuingia. Nawaambia kwamba baada ya Gabbar Singh hakuna adui mwingine. Amjad Khan alifanya kwa filamu moja kile ambacho huyu wenu alihitaji filamu zaidi ya 400. Gabbar hakuwa na kiti cha enzi wala koti lenye nakshi mabegani. Alikuwa na mkanda wa risasi, tumbaku mkononi na mawe ya kutembea juu yake. Aliogopwa kabla hajaonekana, kwa vile wanakijiji walivyolitaja jina lake tu.

#16 Chuma cha Reli

Mzee, shikamoo. Hapo umesema sababu mwenyewe: Gabbar aliandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, na Mogambo naye aliandikwa na hao hao, katika kazi yao ya mwisho wakiwa pamoja. Labda tunawasifu waigizaji kwa kazi ya waandishi. Hapa kwetu kulikuwa na mwandishi wa tatu, yule mtafsiri wa kwenye banda la video. Niliyemzoea mimi alikuwa akimpa Amrish Puri maneno ambayo hata Bombay hawakuwahi kuyasikia. Balwant Rai wa Ghayal alikuwa akidai kodi ya nyumba Manzese, na watu walimchukia kwa dhati kuliko ambavyo mwandishi wa awali angetarajia.

#17 Fundi Redio

Huyo mtafsiri alipokuwa akinyamaza, watu walisikia nini? Walisikia sauti. Nashukuru kwa ushahidi.

#18 Mkaazi wa Maskati

Na alipokuwa akizungumza, sauti ya Amrish Puri ilikuwa imefunikwa, na bado watu walimchukia. Ushahidi nauchukua mimi.

#19 Msomaji wa Pangani

Naongeza jambo ambalo wapenzi wa Mogambo huwa hawalitaji. Nafasi ile ilikuwa imekwisha kupewa Anupam Kher, na yeye mwenyewe amelisema hadharani, kisha ikaondolewa kwake na kupewa Amrish Puri. Basi mhusika aliyemjengea jina kuliko wote hakuandikiwa yeye. Hiyo ni zamu iliyomfikia.

#20 Mwalimu wa Jukwaa

Hoja hiyo haisimami, kwa maana kwa kipimo hicho hata Gabbar wa Mzee wetu anaanguka. Gabbar Singh alipangiwa Danny Denzongpa, akaikosa kwa sababu alikuwa amejifunga kwenda Afghanistan kupiga Dharmatma. Karibu kila mhusika mkubwa ana mtu aliyemkosa. Ukisema Amrish Puri alibahatika, Amjad Khan naye alibahatika, na hapo neno bahati linakuwa limeeleza kila kitu na halijaeleza chochote.

#21 Mzee wa Sinema ya Magari

Danny angeimudu pia. Ila asingecheka vile.

#22 Mama Wawili

Nimejaribu kuangalia tuzo, labda zitatusaidia, lakini zimezidi kunichanganya. Amrish Puri alishinda Filmfare ya mwigizaji msaidizi bora mara tatu: kwa Meri Jung, Ghatak na Virasat. Katika Meri Jung ni wakili Thakral, mtu wa hila anayeishia kurukwa na akili, sawa. Lakini katika Ghatak ya 1996 ni mzee mgonjwa aliyepigania uhuru, anayeteswa na kudhalilishwa, na Danny ndiye adui. Katika Virasat ya 1997 ni mkuu wa kijiji mwenye busara ambaye kifo chake kinamgeuza mwanawe. Yaani mbili kati ya tatu ni za wema. Filmfare ilipoanzisha tuzo ya maadui mwaka 1992, wa kwanza kuichukua alikuwa Sadashiv Amrapurkar kwa Sadak, na mwaka 1995 ikaenda kwa Shah Rukh Khan kwa Anjaam. Huyu tunayemwita mfalme wa maadui, wenzake walimtuza alipolia.

Ningeomba pia mtu aitazame Gardish ya 1993. Pale ni polisi wa cheo cha chini, ndoto yake yote ni kumwona mwanawe akiwa mkaguzi wa polisi, na siku ile anapolazimika kuandika ripoti yenye jina la mwanawe kama mhalifu, mabega yake yanashuka mbele ya macho yako. Ile sauti ya Fundi haipo. Anazungumza kama mtu mwenye mafua.

#23 Chuma cha Reli

Gardish inanibomolea hoja yangu ya mzee mwenye amri, nakiri kwamba sijui pa kuiweka. Labda niseme kuwa inauma kwa sababu tumemzoea akiwa na amri. Angeicheza mwingine, angekuwa polisi mnyonge tu kama wanyonge wengine.

#24 Bi Mkubwa wa Vuga

Nina mtu mmoja ambaye nyote mmemruka, na naona anaharibu kila nadharia iliyotolewa hapa. Kulbhushan Kharbanda. Alitoka jukwaani kama Amrish Puri. Alikuwamo katika Nishant, Manthan na Bhumika, filamu zilezile tatu za Benegal. Mwaka huohuo wa 1980, kiti kikiwa wazi kama anavyodai Msomaji wa Pangani, akapewa Shakaal katika Shaan, filamu iliyoongozwa na Ramesh Sippy, aliyeongoza Sholay, na kuandikwa na Salim na Javed walewale. Kipara alikuwa nacho. Kisiwa chake cha siri alikuwa nacho, na papa wa kuwalisha waliomkosea. Shakaal alikuwa na kila kitu ambacho Mogambo alikuja kupewa miaka 7 baadaye. Mbona Kharbanda hakuwa mfalme wa maadui, akaishia kupewa wajomba na mababa wapole?

#25 Fundi Redio

Swali rahisi, Bi Mkubwa. Msikilizeni Shakaal, kisha msikilizeni Mogambo.

#26 Chuma cha Reli

Umri. Kharbanda alizaliwa mwaka 1944, kwa hiyo katika Shaan alikuwa mdogo kuliko Amitabh anayepambana naye. Haiwezekani kumwogopa mdogo wako, hata akiwa na papa.

#27 Msomaji wa Pangani

Shaan haikupokewa kwa shangwe iliyotarajiwa baada ya Sholay, na adui wa filamu iliyowavunja moyo watu huvunjika nayo. Mr. India ilipendwa na kila mtoto. Hilo nalo ni suala la wakati, kwa hiyo nabaki pale nilipoanzia, ingawa nimelazimika kusogeza kiti changu kidogo kwa sababu ya Bhumika. Ahsanteni kwa hiyo.

#28 Mwalimu wa Jukwaa

Mnataka sababu moja, na mimi naona mnakwepa kazi yenyewe. Nendeni Nayak ya mwaka 2001, kipande cha mahojiano, waziri mkuu wa jimbo akiwa amekaa kitini mbele ya mwandishi wa habari aliyechezwa na Anil Kapoor. Hakuna pango, mavazi ni meupe ya mwanasiasa yeyote. Anaanza na tabasamu la mwenyeji, halafu maswali yanapobana mnaona akihesabu njia za kutokea, anajaribu utani, anajaribu hasira, hadi anaingia mwenyewe katika mtego wa kumwachia kijana kiti kwa siku moja. Alikuwa na miaka karibu 70. Mabadiliko hayo yote anayafanya bila kusimama.

#29 Kijana wa Likoni

Nimeitazama sasa hivi mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimezima sauti ili nimpime Fundi. Bila sauti bado unaona jasho la ujanja. Mara ya pili nikafungua sauti na kufumba macho, na bado unasikia. Sijui nimpe nani pointi.

Swali langu jingine: mzee alifariki tarehe 12 Januari 2005, na filamu yake Kisna ikatoka mwezi huohuo, mwili wake ukiwa umeshachomwa kwa desturi zao. Baada yake, ni nani aliyekalia hicho kiti? Kama kilikuwa ni kiti tu na zamu, kwa miaka 20 hii kingekuwa kimepata mwenyewe.

#30 Msomaji wa Pangani

Kijana, hapo umenishika pabaya. Siku hizi stelingi wenyewe wanacheza uadui, kwa hiyo nadhani kiti kiliondolewa sebuleni. Nipe hadi kesho nitafute majina.

#31 Mzee wa Sinema ya Magari

Ashutosh Rana, katika Dushman na Sangharsh. Andika hilo kabla ya kesho, ila usiwatazamishe watoto.